Kaka analinda simba, shemeji ameficha sumu, na kalamu nimepewa mimi

BARUA YA MSOMAJI

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wanne. Nimeolewa na Msongora, mfugaji, wilayani Kasese, katika kijiji kinachopakana na hifadhi ya Queen Elizabeth. Kwetu ni Katwe, kwenye ziwa la chumvi, na marehemu baba aliishi kwa kuchimba na kuuza chumvi. Nakuandikia kwa sababu jambo nililonalo siwezi kumweleza mtu yeyote wa hapa bila kumsaliti mtu mwingine wa hapa hapa.

Tangu kiangazi kianze, wanyama wanatuingilia zizini usiku. Walianza na mbuzi, tukanyamaza. Wakachukua mtamba, tukanyamaza. Kisha akauawa Bihogo, ng'ombe mwekundu wa mama mkwe, ambaye maziwa yake ndiyo yaliyokuwa yakilipa karo ya mwanangu mkubwa. Asubuhi tulikuta ua la miiba limevunjwa upande wa bondeni, pembe moja ya Bihogo imezama kwenye matope, na ndama wake bado amefungwa kwenye kigingi, mzima, anavuta kamba akitaka kwenda kunyonya. Mama mkwe alikaa chini pale pale, na siku hiyo hakutia kitu mdomoni. Wanaume wakasema ni simba. Tuliripoti, tukaambiwa watu watakuja kuangalia. Walipofika, fisi na ndege walikuwa wameshamaliza kilichobaki. Wakasema hawawezi kuthibitisha ni nini kiliua, wakaandika-andika, wakaondoka. Hadi leo kimya.

Mwenye hasira kuliko wote ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Husema hivi: ng'ombe wetu akiuawa ni bahati mbaya, simba akiuawa ni kesi. Amesikia redioni kwamba huko Ulaya wanakotoka watalii wetu, wafugaji wamelalamika kuhusu mbwa mwitu wa huko, wale waitwao wolf kwa Kiingereza, wanaokula kondoo wao hadi sheria ya kuwalinda ikalegezwa. Anauliza: kama Mzungu anayelipwa fidia amesikilizwa, kwa nini Msongora asiyelipwa kitu atishiwe kifungo cha maisha? Shangazi, nilikosa la kumjibu.

Basi kukawa na mkutano kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji. Wakakubaliana iandikwe barua kwa mheshimiwa mbunge, kijiji kizima kitie sahihi, kuomba Bunge limtoe simba katika orodha ya wanyama wanaolindwa, ili atakayevuka kuja kwetu auawe kama mwizi mwingine yeyote. Kwa kuwa nilifika Senior Six, na mimi ndiye katibu wa kikundi cha akina mama cha kuweka na kukopa, nikachaguliwa kuiandika. Watu wakapiga makofi. Lakini najua kulikuwa na sababu nyingine. Wote wanajua kwamba kaka yangu wa tumbo moja ni renja katika hifadhi hii hii. Wananipima waone niko upande gani.

Kaka huyo ndiye aliyenisomesha baba alipofariki. Mshahara wake wa kwanza ulininunulia sare. Ameshawahi kuniambia kwamba kazini kwake hakuna kinachomuuma kama kumkuta mnyama aliyekufa kwa sumu, maana kando yake unakuta wengine ambao hawakumkosea mtu. Bado anataja yaliyotokea Hamukungu mwaka 2018.

Sasa sikia. Juzi nilikwenda stoo kuchota pumba ya ndama. Chini ya gunia nikakuta mfuko wa plastiki uliofungwa mara mbili, ndani kuna punje za dawa ya wadudu. Sisi hatulimi kitu cha kupuliziwa dawa. Na hapo hapo, kwenye rafu ya juu, ndipo tunapoweka vibuyu vya maziwa. Nilipomuuliza mume wangu, hakushtuka. Alisema tu, "Hayo ni mambo ya wanaume." Sijui kama na yeye yumo au anamfichia mdogo wake. Nimeurudisha mfuko mahali pake, na tangu siku hiyo silali vizuri.

Mimi mwenyewe, Shangazi, sijui ninaamini nini. Kikundi chetu huuza mikeka na vikapu kwa watalii, na hao watalii hawaji kututazama sisi, wanakuja kumtazama simba. Lakini usiku mtoto akishikwa na homa naogopa kuvuka uwanja wangu mwenyewe kwenda kumwamsha jirani. Niandike barua ile? Nimwambie kaka kuhusu ule mfuko? Na je, ni haki kweli mnyama awe na sheria kali namna ile kumlinda wakati sisi hatuna wa kutulinda?

Mke wa huku, dada wa kule
Kasese

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa Bihogo. Wasiofuga wanaweza kudhani umepoteza mali tu, lakini ng'ombe mwenye jina ni mwanafamilia, na nakuomba unifikishie pole kwa mama mkwe.

Barua yako imebeba mambo matatu: barua ya mbunge, mfuko ulio stoo, na kaka yako. Umeyaandika kama fundo moja, na naelewa kwa nini, kwa sababu yote yanakuuliza swali moja, wewe ni wa nani. Lakini hayana haraka sawa. Barua ya mbunge inaweza kungoja wiki mbili bila mtu kudhurika. Mfuko hauwezi. Nitaanza nao.

Dawa za namna hiyo zinaua wadudu kwa kuvuruga mishipa ya fahamu, na mwili wa mtoto hauna tofauti nao kwa hilo. Punje zikimwagika kidogo, mkono wa mtoto ukagusa rafu kisha ukagusa kibuyu, msiba hautakuwa wa simba. Hata kama hujaamua lolote kuhusu mengine yote, hili una haki ya kulisema leo kama mama, na hakuna mume mwenye akili atakayekwambia kwamba maziwa ya watoto ni mambo ya wanaume. Vibuyu vitoke stoo. Mfuko usiushike kwa mkono mtupu, na usishawishike kuumwaga chooni au mtoni kwa siri ili yaishe. Maji ya huko mnanywa nyinyi na ng'ombe wenu.

Kaka yako amekutajia Hamukungu, nami nataka wasomaji wengine waelewe alichomaanisha. Aprili 2018, karibu na kijiji cha Hamukungu, ndani ya eneo la hifadhi yenu, waliokotwa simba 11 wamekufa kwa sumu. Wanane kati yao walikuwa watoto. Miaka mitatu baadaye, Machi 2021, upande wa Ishasha ambako simba hupanda miti, wakakutwa sita wamekufa, wamekatwa vichwa na makucha, na karibu yao tumbusi waliokufa pia. Tazama tofauti ya matukio hayo mawili. La kwanza lilionekana kama hasira ya zizini. La pili lilionekana kuwa na wanunuzi wa viungo nyuma yake. Sumu ikishazoeleka mahali, haibaki mikononi mwa aliyefiwa na ng'ombe. Huja mtu mwingine, mwenye shida nyingine kabisa, akaitumia kwa biashara yake, na kijiji chenu ndicho kitakachotajwa.

Wala sumu haichagui. Simba aliyemla Bihogo, kama ni simba kweli, huenda yuko ng'ambo ya bonde siku hiyo. Anayekuja kwenye mzoga ni fisi, ni tai, ni mbwa wa jirani anayelinda mbuzi zake. Wazee walisema mchuma janga hula na wa kwao, na hapa ni kula kwa maana yenyewe.

Sheria ya Wanyamapori ya 2019 inasema kuhusu wanyama walio hatarini kutoweka kwamba adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha, au faini ya hadi shilingi bilioni 20, au vyote viwili. Hicho ni kiwango cha juu kabisa, si kwamba kila kesi huishia hapo. Lakini si karatasi tupu: Oktoba 2022 mahakama mjini Kampala ilimhukumu mtu kifungo cha maisha kwa kosa la pembe za ndovu. Shemeji yako anapolizungumza jambo hili kwa hasira, nadhani anaifikiria sheria kama tusi. Sijui kama amewahi kukaa akaifikiria kama kitu kinachoweza kumchukua yeye, mwili wake, kutoka kwa watoto wake. Pengine mke wake amefikiria. Je, umezungumza naye? Katika barua yako yote hukumtaja hata mara moja, na wake wa ndugu wawili wakiwa na neno moja, nyumba nyingi hutikisika.

Kuna neno moja katika barua yako ambalo ningependa tulishike pole pole. Umesema mume wako hakushtuka, na umelisoma hilo kama dalili kwamba yumo. Inawezekana. Lakini mwanaume anayejua mdogo wake anapanga jambo baya, na anayetafuta namna ya kumzuia bila kumwaibisha mbele ya mkewe, naye hujibu hivyo hivyo kwa mkato. Hujui bado. Ungemuuliza tena, si kwa swali la "mnafanya nini", bali kwa kumweleza unachoogopa: mtoto, maziwa, na siku polisi watakapouliza ni stoo ya nani? Chagua saa ambayo shemeji hayupo na mama mkwe amelala. Hatari ipo, usidhani sijaiona. Anaweza kukasirika, anaweza kusema unamtetea kaka yako. Kama una mzee anayemheshimu, baba mdogo au imamu au mchungaji, mtu ambaye hatalitangaza, huenda neno likapita vizuri zaidi kwake.

Sasa hiyo redio. Shemeji yako hakusikia vibaya. Desemba 2024, nchi za Mkataba wa Bern, unaolinda wanyama na mimea ya porini Ulaya, zilipiga kura kumshusha mbwa mwitu kutoka kwa wanyama wanaolindwa vikali hadi wanaolindwa kwa kawaida, na uamuzi ukaanza kutumika Machi 2025. Malalamiko ya wafugaji yalichangia sana. Huko Marekani mvutano ni huo huo: serikali iliwatoa mbwa mwitu katika orodha ya walio hatarini mwanzoni mwa 2021, mahakama ikawarudisha wengi wao Februari 2022. Kwa hiyo akisema kwamba sheria za kulinda wanyama wakali hubadilika, na kwamba sauti ya mfugaji inaweza kuzibadili, amesema kweli, na heshima yake ni kumwambia hivyo kabla ya kumwambia jingine.

Lililobaki redio huenda haikulimaliza. Mbwa mwitu wa Ulaya ameshushwa ngazi kwa sababu amerudi. Aliwindwa akakaribia kwisha, akalindwa kwa miongo kadhaa, na sasa katika nchi za Umoja wa Ulaya wapo zaidi ya elfu 20. Na hata baada ya kushushwa bado analindwa. Kila nchi inatakiwa kuhakikisha hatoweki. Simba wa Queen Elizabeth wanahesabika kwa makumi. Ukiondoa ulinzi wa wanyama elfu 20 una nafasi ya kukosea na kusahihisha. Ukiuondoa kwa makumi, kosa la msimu mmoja halirudi. Huenda ulisikia habari za Jacob, yule dume aliyepoteza mguu mmoja kwenye mtego. Februari 2024 yeye na ndugu yake Tibu waliogelea usiku kuvuka mfereji wa Kazinga, maji yenye mamba na viboko, mwendo wa zaidi ya kilomita moja. Waliowarekodi walisema sababu ya kuthubutu hivyo yaelekea ni kutafuta majike, maana majike wamebaki wachache. Nimelifikiria sana jambo hilo tangu nilipolisikia. Nitakwambia wazi kwamba mimi namtaka simba abaki Uganda, nawataka wajukuu zangu wamwone akiwa juu ya mti kule Ishasha. Lakini mimi silali karibu na zizi lenu, kwa hiyo kutaka kwangu kumenigharimu kidogo sana, na nisingependa uamue kwa sababu ya kutaka kwangu.

Hapo ndipo ninapokubaliana na kijiji chako kwa moyo wote. Sheria inayomlinda mnyama na kumwachia jirani yake gharama yote ni sheria nusu. Na hasira ya wakwe zako haikuanza na Bihogo. Kabla hifadhi haijatangazwa mwaka 1952, ng'ombe wa Basongora walikuwa wakilisha kwenye nyika zile zile. Familia nyingi zilisukumwa, nyingine zikavuka hadi Congo na mifugo yao, nazo zikarudishwa huku mwaka 2006 na 2007 zikiwa hazina pa kukaa. Mtu mwenye kumbukumbu hiyo akiambiwa "mlinde simba", anasikia jambo ambalo mtu wa Kampala halisikii. Ukiandika barua yoyote bila kuliweka hilo ndani, wazee watajua kwamba hukuwaandikia wao.

Swali langu kwako ni hili: je, kijiji kinataka simba atolewe kwenye orodha, au kinataka ng'ombe wasife na wakifa walipwe? Haya si mambo yale yale. Jaribu kupiga picha ya mwaka mmoja baada ya Bunge kukubali ombi lenu kama lilivyo. Nani atakuja wa kwanza? Sidhani ni shemeji yako na mkuki wake. Atakuja mwenye bunduki na mnunuzi wa makucha. Fisi hatakuwa amepungua, maana ombi lenu halimtaji. Na watalii wanaonunua mikeka yenu? Asilimia 20 ya kiingilio cha hifadhi hurudi kwa jamii zinazopakana nayo kupitia serikali za wilaya. Ikipungua, madarasa na zahanati vitapungua nayo. Kama pesa hizo hazijawahi kuonekana kijijini kwenu, basi hilo nalo ni la kuuliza kwa maandishi, mbele ya mbunge huyo huyo.

Nimetaja fisi. Mmesema ni simba, na huenda ni simba. Lakini uliandika kwamba fisi walishamaliza mabaki, kwa hiyo usiku ule fisi walikuwepo karibu. Nyayo za simba kwenye matope hazionyeshi kucha, kwa kuwa huzificha anapotembea. Za fisi huonyesha. Simba kwa kawaida huua ng'ombe kwa kumkaba koo au pua. Fisi humrarua kuanzia nyuma na tumboni akiwa bado amesimama. Mkiingiliwa tena, Mungu apishe mbali, kabla ya kugusa chochote pigeni picha za nyayo na jeraha kwa simu, wekeni kitu pembeni cha kupimia ukubwa, hata kiberiti, na funikeni mzoga kwa matawi ili ndege wasimalize ushahidi. Mwenyekiti wa LC1 aandike siku, saa na mahali.

Nasema hivi kwa sababu sheria hiyo hiyo ya 2019, ambayo kijiji kinaijua kwa kifungo cha maisha, ina sehemu nyingine ambayo naona haijawafikia. Kwa mara ya kwanza iliweka fidia kwa anayejeruhiwa, anayeuawa au anayeharibiwa mali na wanyama walioorodheshwa, na simba yumo. Madai hupitia kamati ya uhakiki. Sharti moja ni zito: tukio liwe nje ya hifadhi. Zizi lenu, kama ulivyoeleza, liko nje. Sikuahidi kwamba mtalipwa, wala kwamba mtalipwa upesi. Najua "tunasubiri" ni neno ambalo limewachosha. Lakini dai la Bihogo lililoandikwa vizuri lina nguvu ambayo hasira peke yake haina, na kama lilishaandikwa siku ile walipokuja, una haki ya kuuliza liko wapi.

Zizi lenyewe je? Ua la miiba limevunjwa upande wa bondeni, umesema. Kuna wafugaji wanaoweka seng'enge imara ndani ya miiba. Huko Kenya, kijana Richard Turere, aliyekulia jirani na hifadhi ya Nairobi, akiwa bado mtoto aligundua kwamba simba huogopa mwanga unaotembea. Akaunganisha taa ndogo zinazowaka na kuzimika kwa zamu kuzunguka zizi la baba yake, na wafugaji wengi wakamwiga. Kikundi chenu cha kuweka na kukopa kimewahi kukopeshana kwa ajili ya zizi, au ni kwa biashara na karo tu? Nauliza tu.

Turudi kwenye kalamu. Ukiiandika barua kama mkutano ulivyotaka, utakuwa umetimiza ulichotumwa, na hakuna anayeweza kukulaumu kijijini. Lakini jina lako litakuwa chini ya maneno usiyoyaamini, na kaka yako atayasoma. Ukikataa kabisa, ndoa yako itabeba uzito, na barua itaandikwa na mtu mwingine, huenda kwa ukali zaidi. Njia nyingine ni kurudi kwa mwenyekiti na kusema kwamba katibu mzuri huandika yaliyosemwa na watu wote, kisha kwenda nyumba hadi nyumba na daftari: nani alipoteza nini, lini, aliripoti wapi, alijibiwa nini. Madai ya kumtoa simba kwenye orodha yawekwe kama ombi la waliolitoa, na mengine ya fidia, ya seng'enge, ya kufikiwa haraka na marenja, na ya malisho yawekwe pia. Mbunge akipokea orodha ya mifugo yenye tarehe, hawezi kuiweka pembeni kirahisi kama anavyoweka malalamiko. Lakini hata njia hii ina mwiba wake. Wapo watakaosema umeipunguza makali barua yao kwa ajili ya ndugu yako, na utahitaji kuwa tayari kuisoma yote kwa sauti mkutanoni kabla haijaondoka.

Sheria ni kali kweli, tena kali upande mmoja kuliko mwingine. Ethiopia wana mbwa mwitu wao wa milimani, wamebaki chini ya 500, na kinachowaua sana ni kichaa cha mbwa kutoka kwa mbwa wa wafugaji. Sheria peke yake isingewaponya, kwa hiyo watu wanakwenda kuchanja mbwa vijijini. Ndivyo ningependa kuona kwenu: anayetaka simba aishi aje hadi kwenye zizi, asikae ofisini na kitabu cha adhabu. Kama unaona hivyo pia, unaweza kuliandika katika barua bila kumsaliti mume wala kaka.

Nimemweka kaka yako mwisho kwa makusudi. Yeye ni ndugu yako, lakini pia amekula kiapo cha kazi. Ukimwambia kuhusu mfuko, humwambii mtoto wa mama yako peke yake. Unamwambia renja, na huwezi kumwomba asijue. Ataweza kukabidhi jambo hilo kwa wakubwa zake, na msafara ukifika nyumbani kwenu hautauliza kwanza ni shemeji au ni mume. Kwa upande mwingine, ukikaa kimya na mzoga ukatiwa sumu, anaweza kuwa yeye atakayeitwa kuuokota, na wewe utaishi ukijua. Mimi siwezi kuibeba chaguo hiyo kwa niaba yako. Ninachoweza kukwambia ni kwamba bado hujafika hapo: kati ya kunyamaza na kuripoti kuna mume ambaye hujazungumza naye kwa utulivu, kuna mke wa shemeji, kuna mzee wa kuaminika. Jipe muda mfupi wa kuijaribu milango hiyo, mfupi kweli. Ikiwa yote itafungwa na ukaona mfuko umetoka stoo, swali litakuwa jingine, na hapo usingoje ruhusa ya mtu yeyote, hata yangu.

Wakati huo huo, hakuna kinachokuzuia kumpigia kaka yako simu leo na kumuuliza mambo ambayo mwananchi yeyote anaweza kuuliza: fomu ya madai ya fidia inachukuliwa wapi, nani hukaa kwenye kamati, na simu ya kuita marenja usiku ni ipi. Andika majibu kwenye daftari lile lile. Na ukishajua mume wako amesimama wapi, niandikie tena, tuendelee kutoka hapo.

Shangazi